Yamaha A-S301 sebuleni Kisumu: amplifaya ya kusikilizwa kwa sauti ya chini

Katika maduka mengi ya vifaa vya muziki mjini Kisumu, mteja akionyesha spika anayoitaka, muuzaji huifungulia sauti mpaka vioo vya kabati vitetemeke, na mteja huondoka akiamini kwamba ameisikia. Alichosikia ni jinsi spika hiyo inavyolia kwa kiwango ambacho hatakitumia nyumbani isipokuwa labda siku ya sherehe. Siku nyingine zote atasikiliza jioni baada ya kazi, watoto wakifanya mazoezi ya shule mezani, jirani akiwa upande wa pili wa ukuta, na sauti ikiwa imeshushwa kiasi cha watu kuweza kuzungumza bila kupaaza. Ndiyo sababu tathmini hii ya amplifaya (kifaa cha kukuza sauti na kuendesha spika) ya Yamaha A-S301 nimeianzia kwenye sauti ya chini, nikapanda hadi ya wastani, na mwisho tu nikaijaribu kwa sauti kubwa. Naamini kwamba kiwango cha sauti, kuliko waya, kuliko bei, na mara nyingi kuliko hata spika zenyewe, ndicho kinachoamua kama mtu ataufurahia muziki sebuleni mwake au atauvumilia tu.

A-S301 ni amplifaya ya stirio ya umbo la zamani: kasha pana la chuma lenye uzito wa kilo 9, kitufe kikubwa cha sauti upande wa kulia, na safu ya vitufe vidogo vya kuzungusha katikati. Hutoa wati 60 kwa kila upande zikiunganishwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nyuma yake kuna nafasi ya santuri inayotumia sindano ya aina ya MM (ya sumaku inayosogea), nafasi za CD na vifaa vingine vya kawaida, nafasi mbili za sauti ya dijitali zinazofaa televisheni za siku hizi, tundu la kuunganishia sabufa (spika ya besi pekee), na nafasi za jozi mbili za spika. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, nami huitumia na spika za kawaida za kuwekwa juu ya rafu katika nyumba ya kupanga mtaani Migosi, yenye sakafu ya vigae na paa la mabati. Sakafu hiyo na paa hilo vina sehemu kubwa katika habari hii, kwa hiyo nitavirudia.

Kwanza ni lazima kueleza kwa nini muziki huonekana kunyauka mtu anaposhusha sauti, maana wengi hudhani kosa ni la spika. Sikio la binadamu halisikii sauti nzito, za kati na nyembamba kwa usawa, na ukosefu huo wa usawa huongezeka kadiri sauti inavyopungua. Jambo hili lilipimwa zamani: mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha michoro inayoonyesha ni nguvu kiasi gani inahitajika katika kila masafa ili sikio lione sauti zote zimelingana. Vipimo hivyo vimerekebishwa tangu wakati huo, na kiwango cha kimataifa cha ISO 226 cha mwaka 2003 kinatoa hesabu iliyo wazi kabisa. Sauti ya kati ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, ikiwa katika desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sauti nzito ya hezi 50 inahitaji desibeli 102 hivi ili isikike sawa nayo, yaani tofauti ya 22. Sauti hiyo ya kati ikishushwa hadi desibeli 40, ile nzito inahitaji desibeli 78 hivi, na sasa tofauti imekuwa 38. Kitufe cha sauti cha kawaida hakijui habari hizi. Hupunguza desibeli 40 kila mahali, na matokeo yake besi ya chini kabisa hubaki nyuma kwa desibeli 16. Ala imo kwenye rekodi, spika inaitoa, lakini sikio limeiacha.

Kwa msikilizaji wa benga, muziki wa magita wa Kenya, hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Katika benga gita la besi halikai nyuma likishikilia mdundo tu. Hutembea, hukatiza, hujibizana na gita la solo, na mara nyingi ndilo linalomfanya mtu atikise bega kabla hajajua kwamba anatikisa. Shusha sauti kwenye amplifaya ya kawaida na utabaki na solo linalokwaruza juu, waimbaji, na upatu wa ngoma. Mazungumzo yamekuwa ya mtu mmoja. Hapo ndipo watu wengi huenda kununua sabufa kubwa zaidi, ambayo huongeza besi kwa kiwango kilekile wakati wote, ikawa haitoshi usiku na ikazidi mno mchana, hasa kwa jirani, kwa kuwa sauti nzito ndizo zinazopenya ukuta kwa urahisi zaidi.

Yamaha wamelitatua tatizo hili kwa kitufe kimoja cha kuzungusha kilichoandikwa Loudness. Amplifaya nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na swichi yenye jina hilo, lakini nyingi ya hizo zilikuwa za kuwasha na kuzima tu: zikiwashwa, besi iliongezwa kwa kiasi kilichoamuliwa na kiwanda, bila kujua spika zako zina nguvu gani wala chumba chako kikoje. Kitufe cha A-S301 huzunguka polepole, nacho hufanya kazi kwa njia ya kinyume: badala ya kuongeza besi, hupunguza sauti za kati, na hivyo kuziacha sauti nzito na nyembamba zikiwa mbele kwa kiasi ambacho sikio limezipoteza. Kijitabu cha maelezo kinaagiza utaratibu ambao mwanzoni huonekana wa ajabu. Weka Loudness mahali palipoandikwa Flat, yaani bila marekebisho, pandisha kitufe kikubwa hadi kiwango cha juu kabisa ambacho ungependa kusikiliza, kisha kiache hapo. Kuanzia hapo shusha sauti kwa kitufe cha Loudness chenyewe. Kila unapokishusha, umbo la sauti hurekebishwa pamoja na kiwango chake, kwa kuanzia mahali ulipopachagua wewe katika chumba chako na spika zako.

Nimekaa na utaratibu huu kwa muda wa kutosha kusema kwamba ndio sababu ya kuinunua amplifaya hii, na kwamba mwenye nayo asiyeufuata ana kasha la kawaida tu. Saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili, rumba ya zamani ya Kongo husikika sebuleni ikiwa nzima. Sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, inapoingia, magita mawili yanasukana kama kawaida, na chini yake besi iko mahali pake, ndogo lakini kamili, ikiwa na mwanzo na mwisho wa kila noti. Hakuna anayeamka. Kwaya nazo hufaidika, kwa sababu sauti za wanaume wa besi, ambazo katika kiwango cha chini hugeuka mnong'ono usio na noti, hurudi kuwa nguzo ya wimbo. Ngoma za ohangla, muziki wa Waluo, hupata tumbo lake.

Nyatiti, kinubi cha Waluo, ilinifundisha zaidi. Ala hii ina nyuzi nane, na mchezaji wake hupiga fremu kwa pete ya chuma iliyovaliwa kidoleni mwa mguu huku njuga zikilia mguuni, kwa hiyo mtu mmoja anatoa sauti za aina tatu kwa wakati mmoja. Utamu wake umo katika uwiano wa hizo tatu. Kwa sauti ya chini bila marekebisho, nyuzi nene huzama, na mgoto wa pete ya chuma kwenye mti hubaki ukigonga peke yake. Nikitumia Loudness kwa kiasi kidogo, nyuzi nene hurudi. Nikikizidisha, hata hivyo, njuga huanza kuwasha sikio, na sauti ya mwimbaji hurudi nyuma ya ala yake mwenyewe. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila rekodi, na mkono lazima ujifunze.

Kuna jambo lingine ambalo kijitabu hakisemi. Baba mdogo alipotutembelea kutoka Siaya, nilimwekea nyimbo za ujana wake kwa kiwango changu cha usiku, nikiwa na uhakika kwamba atafurahi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mdundo naupata, lakini maneno hayanifikii." Alikuwa na haki. Kadiri umri unavyosonga, masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazobeba konsonanti kama s, f na t, na mtu huanza kutegemea sana sauti za kati ili kushika maneno. Nazo ndizo kitufe hiki kinazozipunguza. Nilirudisha Loudness kwenye Flat, nikashusha kitufe kikubwa kidogo, nikaongeza kidogo sauti nyembamba kwa kitufe chake, naye akaanza kuimba pamoja na rekodi. Kwa sababu hiyohiyo, taarifa ya habari, mahubiri na mazungumzo ya redio yasikilizwe kwenye Flat. Sauti ya mtangazaji ikipitishwa kwenye Loudness huvimba kifuani na kukosa mdomo.

Loudness haiwezi kufanya lolote dhidi ya kelele ya chumba, na hapa ndipo mabati yanapoingia. Alasiri za msimu wa mvua, wingu likitoka ziwani na kumwagika juu ya mabati ya Migosi, programu ya kupima desibeli kwenye simu yangu huvuka 70 bila muziki wowote kuchezwa. Simu si chombo cha maabara, lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Muziki una sehemu za juu na sehemu za chini, na sehemu yoyote iliyo chini ya kelele ya chumba haipo kwa msikilizaji. Chumba kikiwa kimya usiku, sauti ya wastani ya desibeli 60 inaacha nafasi ya kusikia mwangwi wa studio na pumzi ya mwimbaji. Feni ikiwa inazunguka na pikipiki zikipita nje, sehemu hizo hufunikwa, na mtu hupandisha sauti bila kujua kwamba anashindana na feni. Kabla ya kulaumu vifaa, zima feni kwa wimbo mmoja usikilize. Wakati wa mvua kubwa mimi huzima muziki kabisa, kwa kuwa kuupandisha hadi uishinde mvua si burudani, na mvua nayo ina haki yake ya kusikilizwa.

Upande wa juu nao una mpaka wake. Watu huuliza kwanza wati, na wauzaji hubandika namba za kutisha kwenye makasha ya plastiki, lakini hesabu ya kweli ni ya kiasi. Spika nyingi za rafu hutoa desibeli kati ya 85 na 88 katika umbali wa mita moja zikipewa wati moja tu. Anayesikiliza kwa wastani wa desibeli 70 anatumia sehemu ndogo sana ya wati, na hata mpigo wa ngoma unaoruka desibeli 20 juu ya wastani huo, ambao unahitaji nguvu mara mia, bado unatoshea ndani ya wati chache. Wati 60 za A-S301 ni akiba, nayo ni akiba nzuri: mipigo ya ghafla hupita bila kukwama wala kuchafuka, na hapo ndipo amplifaya dhaifu hujulikana. Kuziongeza mara mbili hadi 120 kungeleta desibeli 3 tu zaidi. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu, zinahitajika desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi.

Nilipoipandisha amplifaya hii mchana wa Jumamosi, kilichochoka kwanza kilikuwa chumba. Vigae, kuta tupu na madirisha ya vioo hurudisha sauti, na kadiri kiwango kinavyopanda, marudio hayo hudumu muda mrefu zaidi juu ya kelele ya chumba, mpaka yanaanza kufunika noti zinazofuata. Kuna mahali kwenye kitufe ambapo muziki hukua pamoja na sauti, na mahali pengine, si mbali na hapo, ambapo sauti hukua na muziki ukabaki nyuma. Katika sebule yangu mpaka huo ulikuwa karibu desibeli 80 nilipoketi. Baada ya kutandika zulia zito mbele ya spika na kutundika mapazia ya kitambaa kinene, mpaka ulisogea juu kidogo, na la maana zaidi, sauti ya wastani ikawa safi zaidi. Rekodi nazo hutofautiana: nyimbo nyingi za sasa zimebanwa wakati wa kutengenezwa ili kila kitu kiwe juu daima, nazo huchosha mapema zikipandishwa, ilhali rekodi za zamani za magita na sauti za watu hupanda vizuri na kuzidi kufunguka.

Sikio lenyewe pia lina bajeti. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa usalama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Katika desibeli 83 zinabaki saa 20, na katika 86 zinabaki 10. Kuhusu majirani, kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu katika maeneo ya makazi desibeli 50 nje ya nyumba mchana na 35 usiku, na usiku huo wa kisheria huanza mara baada ya saa mbili jioni. Desibeli 35 ni kidogo sana. Nyumba zetu za kupanga hazikujengwa kuzuia besi, na yeyote anayeishi ukuta kwa ukuta na familia nyingine hana njia ya kufurahia muziki wa usiku isipokuwa kujifunza kuupenda ukiwa mdogo. Kwa hilo amplifaya yenye Loudness ya aina hii ni msaada wa kweli, ingawa mimi usiku pia huondoa spika ukutani na kuzisogeza ndani ya chumba, hatua inayopunguza besi kidogo lakini ikapunguza zaidi ile inayomfikia jirani.

Anayelinganisha amplifaya hii na nyingine awe mwangalifu na mtego mmoja. Vifaa viwili vikichezwa mmoja baada ya mwingine, kile kilicho juu kwa tofauti ndogo, hata ya desibeli moja, husikika kuwa bora, chenye uhai na upana zaidi, wala msikilizaji hatambui kwamba kilichobadilika ni kiwango tu. Nimeona watu makini wakitoa pesa nyingi kwa sababu ya desibeli hiyo moja. Simu iwekwe mahali pamoja, sauti ilinganishwe kwa wimbo uleule, ndipo maoni yatolewe. Nilipofanya hivyo kati ya A-S301 na amplifaya ya rafiki yangu yenye bei ya juu zaidi, sehemu kubwa ya tofauti tuliyokuwa tumeisifu kwa pamoja iliyeyuka.

Kasoro zake zipo, na mbili zinahusu kitufe kilekile ninachokisifu. Rimoti hupandisha na kushusha sauti kuu, lakini haiigusi Loudness, kwa hiyo anayefuata utaratibu sahihi hulazimika kuinuka kila anapotaka kubadilisha kiwango. Kwa amplifaya iliyojengwa juu ya wazo hili, upungufu huo unaudhi. Pili, kuna kitufe cha Pure Direct kinachopitisha sauti moja kwa moja bila marekebisho yoyote. Ukikibonyeza huku Loudness ikiwa imeshushwa, marekebisho yote huondoka mara moja na sauti hurukia kiwango cha juu ulichokiweka mwanzoni. Kijitabu kinaonya, lakini mtoto hasomi kijitabu. Katika nyumba yenye watoto, waonyeshwe kitufe hicho na waambiwe wakiache.

Haina Bluetooth ndani yake, na anayesikiliza kutoka kwenye simu atahitaji waya au kifaa cha kuongeza. Hujizima yenyewe baada ya saa 8 bila kuguswa kama swichi ya nyuma imewekwa hivyo, jambo linalofaa. Umeme wetu wa kupanda na kushuka ulinifanya niiweke kwenye kifaa cha kulinda volti, kama ninavyofanya na friji.

Wapo watakaoshawishiwa kupanda hadi A-S501 ya kampuni hiyohiyo, yenye wati 85 kwa kila upande. Kitufe cha Loudness ni kilekile, na kutoka wati 60 hadi 85 ni nyongeza ya desibeli moja na nusu tu. Tofauti ya bei ningeitumia kununua spika ambazo besi yake inashuka chini zaidi, na kama spika tayari ni nzuri, ningeanza na zulia na mapazia.